"Ungempeleka" ya Jumanne na "Ungempeleka" ya Jumamosi

Matokeo ya semista yakitoka, hosteli hugeuka ofisi ya ushauri. Mwenzetu kapata sapu moja, hata simu hajaiweka chini, tayari watatu wako mlangoni. "Ungesoma na sisi." "Ungeliacha lile swali la tatu, lilikuwa la mtego." "Si nilikwambia yule mwalimu anapenda mifano?" Ukimuuliza huyo wa mifano alisema lini, hakumbuki. Ila ana uhakika alisema.

Si hosteli peke yake. Simba au Yanga ikikosa penalti, kibanda umiza kizima kinakuwa benchi la ufundi, na kila aliyelipa kiingilio anajua nani alipaswa kupiga. Kwetu Rungwe Mpya, kule Kasulu, mtu akiuza maharage mara tu baada ya kuvuna ili alipe ada, halafu bei ikapanda miezi michache baadaye, atasikia habari yake kisimani, kanisani na kwenye gulio. "Angesubiri kidogo tu." Wanaosema hivyo wengine nao waliuza wiki ile ile.

Nasoma ualimu, masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Kwa hiyo jambo likinikera, naanza kwa kulitafutia neno. Na Kiswahili, jamani, hakikosi maneno ya kumsema mtu. Kuna kulaumu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambalo ni kumtupia mtu mzigo wa kosa. Kuna kusuta, yaani kumkabili mtu mbele za watu na kumwonyesha uongo wake, na wenzetu wa Pwani wanalijua hilo kwa vitendo. Kuna kusimanga, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea mpaka ajute kuupokea. Kuna kukosoa, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Litazame: choma, chomoa, kosa, kosoa. Linasikika kama kazi ya kulitoa kosa lilipochomekwa. Mkosoaji wa kweli anabaki na kosa mkononi, na mtu anabaki salama.

Lakini kumhukumu mtu wa jana kwa kutumia habari za leo kunaitwaje? Nilipekua kamusi sikupata kitenzi chake. Tuna "mjuaji", ila mjuaji anajidai kujua muda wote, hata kabla. Tuna methali "majuto ni mjukuu" na "ningejua huja baadaye", lakini hizo ni za yule anayejuta. Yule anayesimama pembeni kumjutisha mwenzake hana jina.

Baadaye nikaona kwamba nilikuwa natafuta mahali pasipo. Jambo hili kwenye Kiswahili halikai katika kitenzi, linakaa katika silabi moja ndani ya kitenzi: -nge-.

Wote tulifundishwa sekondari. Kuna -nge-, kuna -ngali- na kuna -ngeli-. Mwalimu alisisitiza tusizichanganye: -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-. "Ningekuwa na nauli ningekwenda" maana yake nauli sina, ila nikiipata leo naweza kwenda bado. "Ningalikuwa na nauli ningalikwenda" maana yake basi limeshaondoka, na mazungumzo yote ni ya jambo lisilorekebishika. Silabi hizo zilikuwa zimejenga ukuta kati ya mlango ulio wazi na mlango uliokwisha kufungwa.

Sasa sikiliza watu wanavyoongea, sio wanavyojibu mtihani. Nani mtaani anasema "ungalikwenda"? Tumebaki na -nge- moja inayofanya kazi zote. Silalamiki, lugha ni ya wasemaji wake na mimi mwenyewe naongea hivyo hivyo. Lakini tazama kilichotokea. "Ungempeleka hospitali" inaweza kuwa ushauri: mgonjwa yupo, siku ni Jumanne, pikipiki ipo, bado kuna la kufanya. Na "ungempeleka hospitali" inaweza kuwa hukumu: siku ni Jumamosi, na sasa mnatoka makaburini. Neno ni lile lile na sauti inaweza kuwa ile ile. Siku ndiyo imebadilika, na siku haisikiki kwenye neno.

Mfano huo sikuutunga.

Machi 2018, wakati wa masika, bibi yangu mzaa baba aliumwa. Jumanne alikuwa na homa. Baba akampeleka zahanati, wakapewa dawa, wakarudi kwa miguu, na bibi alikuwa anatembea mwenyewe na kulalamikia tope. Siku hiyo shangazi alisema, "Mimi naona mpelekeni Kasulu mjini tu." Baba akapiga hesabu: fedha iliyopo, mvua, na mgonjwa ambaye anaongea na anatembea. Akaamua dawa zifanye kazi kwanza. Jumatano bibi akala ugali wa muhogo, akamtuma mdogo wangu kuni. Watu wakasema ameshapona. Alhamisi usiku hali ikabadilika. Wakati ule barabara kuu ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa bado ya vumbi, na vumbi la kwetu mwezi Machi ni tope. Pikipiki ilipatikana alfajiri. Bibi hakufika.

Jumamosi tukazika. Baba mkubwa alikuwa amekuja kutoka mjini, na kabla jioni haijaingia alimwambia baba mbele ya wazee, "Mdogo wangu, ungempeleka Jumanne." Baba akajibu neno moja tu: "Jumanne alikuwa anatembea." Baba mkubwa akaendelea. Ungenipigia simu. Ungekopa, mimi ningelipa. Ungejua mama ni mtu mzima, homa yake si kama ya mtoto. Wengine waliokuwa kwenye mkeka wakaitikia kwa vichwa. Ile Jumatano wengi wao ndio waliosema ameshapona.

Ndugu hao wawili hawakuongea mpaka 2020, kwenye harusi ya binamu yangu. Nyumbani kwetu baba alibadilika. Mtu akikohoa usiku mara mbili, baba ameshavaa viatu. Ilifika mahali mama akawa anakohoa kwenye kanga asisikike, maana kila kikohozi kilikuwa safari, na kila safari ilikuwa fedha ya mbegu. Ukweli ni kwamba lile neno la Jumamosi halikumfanya baba awe mwangalifu zaidi. Lilimfanya awe mwoga. Mwangalifu hupima kikohozi. Mwoga hukimbia vyote, na siku nguvu za kukimbia zikimwisha, hajui kipi alipaswa kukikimbia.

Na shangazi? Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi. Katika watu wote waliokuwa pale, ni yeye peke yake aliyekuwa na haki ya kusema "si nilisema", maana alisema kweli, Jumanne, na sisi watoto tulimsikia. Jumamosi alishinda jikoni anapika na hakulitamka. Mpaka leo baba akiwa na jambo zito, simu ya kwanza anampigia shangazi.

Hapo kuna msomaji atanigeukia: kwa hiyo tusikosoe? Kila aliyeharibu aseme "sikujua", tumpe pole, tuondoke? Hapana. Mimi ni mwanafunzi wa Historia, na ukiniondolea haki ya kuwahukumu waliopita, sina kozi. Lakini kabla ya kusema "unge-", kuna swali la kuuliza: jambo hili lilijulikana siku ile, au tumelijua sisi baadaye?

Chukua MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ile ilipinduka ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Mamia ya watu walikufa, na mpaka leo idadi kamili inabishaniwa. Kwa saa kadhaa meli ilielea kichwa chini, na waliokuwa juu yake walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Waokoaji wakatoboa bodi ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imebaki ndani ikatoka, na meli ikazama. Ongea na mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa aliye na umri wa kukumbuka, atakwambia: "Wasingetoboa." Amekaa kwenye kiti, miaka karibu thelathini imepita, na anajua hewa ile ndiyo iliyokuwa inaishikilia meli. Yule aliyeshika kifaa cha kukatia alikuwa anasikia ngumi za watu chini ya miguu yake. Ungekuwa wewe, ungekaa unasikiliza?

Lakini katika ajali hiyo hiyo kuna jambo lingine. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Namba hiyo ilijulikana kabla ya safari, wala haikuhitaji mtu kufa ili igundulike. Na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, ndiyo maana hesabu ya marehemu haikukamilika. Anayeuliza "kwa nini walipakia kupita kiasi?" hatumii akili ya baadaye. Anauliza swali la siku ile ile, ambalo mtu mmoja bandarini alipaswa kuliuliza na hakuuliza. Huo ni ukosoaji halali, na hauchachi hata ukipita muda gani.

Tunapochanganya haya mawili, tunapata hasara mbili. Kwanza, tunamwonea yule aliyetoboa. Pili, na hili ni baya zaidi, tunamficha yule aliyepakia. Hasira yetu inatosha dakika chache tu, na tukiimaliza kwa mtu aliyekuwa anajaribu kuokoa, mzembe anapita nyuma yetu na mkoba wake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Miaka 22 ya "wasingetoboa" haikutufundisha kuhesabu watu wanaopanda.

Babu yangu mzaa mama alinipa somo hilo hilo kwa njia nyingine. Kwetu Kigoma uhamishaji wa watu kwenda vijijini ulianza mapema, mwaka 1972, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa nchi nzima. Semina yetu ya Historia ilipofika hapo, kila mtu alikuwa na "wange-" yake. Wangeshirikisha wananchi. Wangepima udongo. Wangekwenda polepole. Mimi pia nilikuwa nazo mbili. Likizo nikazipeleka kwa babu nikidhani namletea elimu. Akanisikiliza, akasema, "Mjukuu wangu, unasema 'wangetuuliza' kama vile hatukusema. Tulisema. Tulisema siku ile ile kwamba shamba la muhogo litakuwa mbali, na kwamba pale tunapopelekwa maji ni shida. Aliyekuja na daftari hakuwa na mahali pa kuandika hayo."

Nilijifunza kwamba mara nyingine tunachokiita hekima ya baadaye ni onyo la mapema lililokosa msikilizaji. Kwa hiyo kazi ya mwanahistoria isiishie kusema "wangefanya hivi". Aende akatafute nani alisema, alisema lini, na kwa nini sauti yake haikufika. Hapo ndipo lawama inapompata mwenyewe.

Na kuna suala la nafsi, nalo ni sarufi pia. "Ungali-" inauma, lakini "ningali-" ikitoka kwa mhusika mwenyewe inaponya. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya kuna mambo asingeyafanya, akataja kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. La kwanza lilifanyika mwaka 1972, la pili mwaka 1976, na sheria za kuvirudisha vyote viwili zilipitishwa mwaka 1982. Unaweza kubishana naye kwa mengi, ila pale alitumia nafsi ya kwanza umoja kwa jambo aliloamua mwenyewe. Viongozi wengi wakistaafu wanapenda nafsi ya tatu: wangenisikiliza, wangenipa muda, wasingenihujumu. Nafsi ya kwanza wanaiacha ofisini pamoja na funguo.

Mimi ningependa tujizoeze zaidi nafsi ya kwanza wingi. Fikiria Jumamosi ile baba mkubwa angesema, "Tungempeleka Jumanne." Herufi moja tu imebadilika. Lakini ndani yake yeye mwenyewe yumo, na simu yake ambayo hakuipiga yumo nayo, na mkeka mzima umo. Baba angeweza kuitikia. Pengine wangekaa hapo hapo kupanga: kuanzia leo familia iwe na fedha ya dharura kwa shangazi, na mwenye pikipiki anayeaminika awe na namba zetu. Haya hatimaye tuliyapanga, ila ni baada ya harusi ya 2020. Miaka miwili ilipotea kwenye herufi moja.

Kwa sisi wa ualimu hili si la msibani tu. Kazi tunayoiendea ni ya kutazama majibu ya mtoto huku sisi tuna jibu mkononi. Mwenye majibu siku zote ana akili ya baadaye. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha pili, niliona daftari nyingi zenye kalamu nyekundu: "Ungesoma swali vizuri." Mtoto ataifanyia nini sentensi hiyo? Swali limeshapita, na yeye aliona amelisoma vizuri. Mwalimu niliyekuwa chini yake alikuwa na utaratibu mwingine. Alimwita mtoto na kumuuliza, "Ulipofika hapa ulikuwa unawaza nini?" Mtoto akaeleza, na mara nyingi kosa likaonekana mahali pengine kabisa, mistari mitatu juu. Huko ndiko kukosoa, lile la kulitoa kosa lilipochomekwa. Huwezi kulitoa kama hujui liliingilia wapi, na aliyekuwepo lilipoingia ni mtoto, sio wewe.

Nasi wenyewe "mnge-" zetu tunazo. Kila likizo nyumbani kuna mtu anakwambia, "Mngesoma kozi nyingine, ualimu ajira hakuna." Zamani mhitimu wa ualimu alisubiri kupangiwa kituo. Siku hizi anaomba, anaitwa usaili, anasubiri, na kusubiri kwenyewe hakuna tarehe. Hilo ni kweli na linatutia hofu, tusijidanganye. Lakini tulipojaza fomu, wengi wa hao washauri ndio waliotuambia mwalimu hakosi kazi. Sijawahi kumkumbusha hata mmoja. Nawaza shangazi, nanyamaza, nanywa chai.

Lakini Jumanne nyingine ziko hapa hapa chuoni na bado hazijapita. Bajeti ya serikali yetu ya wanafunzi inasomwa mara moja kwa mwaka, na siku hiyo viti vingi vya ukumbi huwa vitupu. Fedha za wiki ya michezo zinapangwa hapo. Fedha za dharura za mwanafunzi mgonjwa zinapangwa hapo hapo. Miezi minne baadaye mwenzetu akiugua na mfuko ukawa mtupu, magrupu yote ya madarasa yanajaa: wangetenga, wangefikiria, wangejali. Tangazo la kikao cha mwaka huu limeshabandikwa ubaoni kando ya maktaba. Mwenye "mnge-" yake aje nayo siku hiyo, wakati bado ni ushauri.